Kuishi hotelini kwa muda mrefu: hesabu, haki na hatari zake

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hotelini hakuna anayepewa jembe. Anachopewa mgeni kila kunapokucha ni bili, nayo huongezeka bila kujali iwapo aliyelala chumbani amepokea mshahara au la.

Hata hivyo, si wachache wanaojikuta wakiishi hotelini kwa majuma au miezi. Yupo afisa aliyehamishiwa kaunti asiyoifahamu. Yupo mhandisi wa mradi wa barabara utakaochukua miezi minne. Ipo familia iliyosafiri kutoka mbali hadi Nairobi ili mgonjwa wao apate matibabu ya saratani. Yupo Mkenya anayerejea kutoka ughaibuni kabla nyumba yake kumalizika kujengwa, na yupo mstaafu aliyebaki peke yake katika nyumba kubwa, akajiuliza kama si afadhali kuiacha na kuhudumiwa.

Wote hawa wana maswali yaleyale. Je, jambo hili linawezekana? Litagharimu kiasi gani? Na ni siku gani mtu anapaswa kufungasha virago? Makala haya yanajaribu kuyajibu kwa utaratibu.

Aina za malazi

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Hapa Kenya, mtu anaposema anaenda hotelini, huenda anakwenda tu kunywa chai na mandazi. Katika makala haya, hoteli ni mahali pa kulala.

Malazi hayo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni hoteli kamili, yenye mapokezi yasiyofungwa, mkahawa wake, walinzi na wafanyakazi wa kusafisha vyumba kila siku. Ya pili ni nyumba ya wageni, ambayo wengi huiita gesti au lojing'i. Huduma zake ni chache na bei yake ni nafuu. Ya tatu ni fleti zenye samani, ambazo hukodishwa kwa usiku, wiki au mwezi.

Kwa anayekaa siku tatu, tofauti kubwa baina ya aina hizi ni starehe. Kwa anayekaa miezi mitatu, tofauti kubwa ni jiko. Fleti huwa na mahali pa kupikia. Hoteli na gesti kwa kawaida hazina. Tutaona baadaye jinsi jambo hilo moja linavyoweza kupindua hesabu nzima.

Waliotangulia

Kuishi hotelini si jambo geni, hata katika nchi hii. Mnamo 1938 Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa vuguvugu la Skauti, alihamia Nyeri akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80. Hakununua shamba kama walivyofanya Wazungu wengi wa wakati huo. Alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa hoteli ya Outspan, akaiita Paxtu, na humo akaishi na mkewe Olave hadi alipofariki Januari 8, 1941.

Baada yake nyumba hiyohiyo ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji na mwandishi mashuhuri kutoka India, aliyehamia Kenya mwaka wa 1947 pamoja na dadake, Maggie. Corbett aliaga dunia Aprili 1955. Yeye na Baden-Powell wote wamezikwa Nyeri.

Mpango wao ulikuwa na busara. Walikuwa na mlango wao wenyewe na bustani yao, lakini walikuwa hatua chache tu kutoka kwa huduma za hoteli. Mzee asiye na nguvu za kusimamia boma alipata utulivu bila kutengwa na watu.

Huko Ufaransa, mbunifu wa mavazi Coco Chanel aliishi kwa miaka mingi katika hoteli ya Ritz jijini Paris, na humo ndimo alimofia Januari 1971. Lakini hakuyaweka maisha yake yote katika chumba cha hoteli. Ng'ambo ya barabara, kwenye jengo la biashara yake, alikuwa na vyumba vyake vya kupokelea wageni na kufanyia kazi. Hotelini alikwenda kulala.

Upande wa pili wa sarafu ni mvumbuzi Nikola Tesla. Aliishi miaka mingi katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York, huku bili ikirundikana. Mwaka wa 1915 alilazimika kuwakabidhi wenye hoteli hati ya mali yake ya Wardenclyffe, penye mnara aliotarajia kuutumia kupeleka mawasiliano duniani bila nyaya, ili kulipia deni la takriban dola 20,000. Mnara huo ulibomolewa mwaka wa 1917. Tesla aliendelea kuhama kutoka hoteli moja hadi nyingine, na alifariki Januari 7, 1943 katika chumba nambari 3327 cha hoteli ya New Yorker.

Ikiwa deni la malazi lilimnyang'anya mtu wa kiwango hicho kazi ya maisha yake, mwenye mshahara wa kawaida ana kila sababu ya kupiga hesabu mapema.

Bei ya mapokezi si gharama yote

Kosa la kwanza analolifanya mgeni wa muda mrefu ni kuichukua bei ya usiku mmoja, kuizidisha kwa 30, na kudhani amemaliza hesabu.

Swali la kwanza la kuuliza mapokezini ni hili: bei hii imejumuisha ushuru? Malazi ya hoteli hutozwa ushuru wa ziada wa thamani, yaani VAT, wa asilimia 16. Ipo pia tozo ya asilimia 2 inayokusanywa na Hazina ya Utalii. Hoteli nyingine huongeza malipo ya huduma juu ya hayo.

Tuchukue chumba kinachotangazwa kwa Sh3,000 bila ushuru. Asilimia 16 ni Sh480, na asilimia 2 ni Sh60. Bei halisi ni Sh3,540. Kwa siku 30, tofauti ni Sh16,200. Kwa mwaka mzima tofauti hiyo inafika Sh197,100, fedha ambazo mgeni hakuziweka katika mipango yake.

Hapa nyumba ya kupanga ina nafuu ya kisheria. Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 imeisamehe kodi ya nyumba ya kuishi, lakini haikuyasamehe malazi ya hoteli. Nyumba ndogo za wageni ambazo mauzo yake hayafiki kiwango cha kusajiliwa huwa hazitozi VAT, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei zake kuwa za chini.

Kisha kuna mambo madogo madogo ambayo, kama kibaba, hujazwa na haba na haba: dobi anayetoza kwa kila shati, maji ya chupa, maegesho ya gari, bahashishi kwa wahudumu, na ada ya mtu wa pili iwapo mke au mume atakuja kukutembelea mwishoni mwa juma.

Hesabu ya kulinganisha

Ili kulinganisha hoteli na nyumba kwa haki, ni lazima kuziweka gharama zote pande zote mbili. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za hoteli au mtaa wowote. Msomaji aziondoe na kuweka zake.

Tuseme hoteli imekubali kupunguza bei hadi Sh2,000 kwa usiku, ushuru na kiamshakinywa vikiwemo. Kwa siku 30 hiyo ni Sh60,000. Chamcha na chajio katika mikahawa ya karibu, kwa Sh600 kwa siku, ni Sh18,000. Dobi ni Sh3,000. Jumla ya mwezi ni Sh81,000.

Upande wa pili, tuseme nyumba ya chumba kimoja cha kulala ina kodi ya Sh25,000. Stima na maji ni Sh4,000, intaneti Sh3,000, usafi na ufuaji Sh5,000, na chakula cha kupika nyumbani Sh15,000. Jumla ya mwezi ni Sh52,000.

Kwa mtazamo wa haraka nyumba imeshinda. Lakini nyumba haianzi na mwezi wa kwanza. Inaanza na gharama za kuingia. Kuna amana ya Sh25,000 kwa mwenye nyumba. Kuna kitanda, godoro, jiko la gesi, friji, mapazia, viti, vyombo na gari la kuvibeba, ambavyo kwa pamoja tuvikadirie kuwa Sh120,000. Hiyo ni Sh145,000 kabla ya kulala usiku wa kwanza.

Tofauti ya kila mwezi kati ya hoteli na nyumba ni Sh29,000. Ukigawanya Sh145,000 kwa Sh29,000 unapata 5. Maana yake ni kwamba, katika mfano huu, pande zote mbili hulingana mwishoni mwa mwezi wa tano, kila moja ikiwa imegharimu Sh405,000.

Anayekaa miezi mitatu ataokoa fedha kwa kubaki hotelini. Anayekaa mwaka mzima atatumia Sh972,000 hotelini dhidi ya Sh769,000 katika nyumba, yaani Sh203,000 zaidi. Tena mwenye nyumba ya kupanga atabaki na samani zake na haki ya kudai amana yake, ilhali aliyekaa hotelini atabaki na risiti.

Gawanyo hili ndilo kiini cha suala lote. Chukua gharama za kuingia katika nyumba, gawanya kwa tofauti ya gharama za mwezi, nawe utapata idadi ya miezi ambayo hoteli ni chaguo la busara. Iandike tarehe hiyo kabla ya kuchukua ufunguo.

Mtu aliye na samani tayari atapata jibu jingine, kwa kuwa gharama zake za kuingia ni amana na usafiri tu. Katika mfano wetu, hata usafiri ukigharimu Sh15,000, hoteli ingemfaa kwa muda usiofika mwezi na nusu. Ndiyo sababu anayehamishwa kikazi hapaswi kuuza vitu vyake kwa bei ya kutupa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sanaa ya kujadiliana

Bei iliyobandikwa ukutani imewekwa kwa ajili ya mpita njia. Anayeleta siku 60 analeta kitu ambacho meneja hawezi kukipuuza, kwa kuwa chumba kilichokaa bure usiku wa leo hakiwezi kuuzwa kesho.

Majadiliano yafanywe na meneja, si na mhudumu wa mapokezi ambaye hana mamlaka ya kupunguza bei. Mgeni aombe bei ya mwezi badala ya punguzo la usiku. Anaweza pia kuacha baadhi ya huduma ili apunguziwe zaidi: chumba kusafishwa mara mbili kwa wiki badala ya kila siku, au kukubali chumba kisichotazama bahari.

Majira yana uzito mkubwa. Pwani, vyumba huwa ghali Desemba, wakati wa Pasaka na Agosti. Masika yanapoanza, kati ya Aprili na Juni, wageni hupungua na bei hushuka, na baadhi ya hoteli za ufuoni hufunga milango kwa majuma kadhaa. Jijini Nairobi mambo ni tofauti. Hoteli za wafanyabiashara hujaa katikati ya wiki kutokana na mikutano na semina.

Kwa hivyo makubaliano mazuri ya Mei yanaweza kuvunjika Desemba. Mgeni ahakikishe maandishi yanataja tarehe ya mwisho ya bei hiyo, iwapo anaweza kuhamishwa chumba, na atarudishiwa nini iwapo ataondoka mapema. Asilipe miezi mitatu kwa mkupuo kwa sababu ya punguzo dogo. Hoteli ikifungwa au kubadilisha mmiliki, kuzipata fedha hizo ni kazi ngumu.

Mgeni si mpangaji

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika zaidi, nayo huenda ikawa na uzito kuliko bei.

Anayepanga nyumba hupewa haki ya kuimiliki kwa muda. Mwenye nyumba haingii anavyotaka, na akitaka kumwondoa ni lazima ampe notisi na, wakikosa kuelewana, aende mahakamani. Kwa nyumba za kodi ya chini, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliunda jopo maalumu la kusikiliza mizozo, ingawa iliwekewa ukomo wa kodi ya Sh2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho katika miji mingi kimepitwa na wakati.

Anayelala hotelini hana umiliki wa aina hiyo. Alicho nacho ni ruhusa ya kutumia chumba. Wafanyakazi wana ufunguo, huingia kusafisha, na meneja anaweza kumhamisha au kukataa kumwongezea siku. Kukaa miezi sita hakumgeuzi mgeni kuwa mpangaji kwa sababu tu amezoeleka.

Isitoshe, mwenye hoteli ana haki ya kuizuia mizigo ya mgeni hadi bili ilipwe. Hii ni kanuni ya kale ya sheria ya Kiingereza ambayo mahakama zetu ziliirithi. Naye anayekula na kulala kwa hila, bila nia ya kulipa, hujiweka katika hatari ya kushtakiwa kwa jinai.

Si kila nchi ina mwelekeo huo. Katika jiji la New York, aliyekaa hotelini siku 30 mfululizo hawezi kuondolewa bila amri ya mahakama. Hapa kwetu ni busara kujichukulia kuwa mgeni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Wakenya walionja ukali wa jambo hili mwaka wa 2020. Machi mwaka huo, kutokana na janga la Covid-19, serikali iliwaamuru wasafiri waliowasili kutoka nje kukaa karantini kwa siku 14 katika hoteli na vituo vilivyoteuliwa, kwa gharama yao wenyewe. Baadhi waliongezewa siku, na wapo walioshindwa kulipa bili. Mnamo Mei serikali ilitangaza kwamba ingezibeba gharama za waliokuwa katika vituo vya umma. Wengi wa wasafiri hao hawakuwa maskini. Walikuwa tu watu waliopanga fedha za siku chache, zikageuka kuwa nyingi.

Maisha ya kila siku

Mwandishi wa makala haya aliwahi, akiwa ripota kijana, kutumwa mjini Eldoret kwa majuma mawili yaliyogeuka kuwa kumi na moja. Chumba cha nyumba ya wageni kilikuwa safi na bei yake ilikuwa ndogo. Kilichomaliza posho ni chakula. Kila aliyekuja kunipasha habari alikaribishwa chai, na chai ya hotelini hailingani na chai ya sufuria yako. Juma la tano nilianza kununua mkate na maziwa na kula kitandani, jambo ambalo halikuniletea afya wala heshima.

Wengi hujaribu kulikwepa tatizo hilo kwa kupika kisirisiri kwa koili ya umeme au mtungi mdogo wa gesi. Mgeni hachomi chaza mtaani akanuka. Mbali na kufukuzwa, hatari ya moto ni kubwa katika vyumba vyenye mapazia mazito na madirisha madogo. Kama huwezi kuishi bila kupika, tafuta fleti yenye jiko tangu mwanzo. Hata ikigharimu zaidi kidogo kwa usiku, huenda chakula kikairudisha tofauti hiyo.

Anwani si tatizo kubwa kwa Mkenya aliyezoea sanduku la posta, lakini shughuli nyingine bado zinadai uthibitisho wa makazi, kwa mfano stakabadhi ya stima au barua ya chifu. Bili ya hoteli haikubaliwi kila mahali. Afadhali kuhifadhi anwani ya nyumbani kuliko kuifuta.

Faragha nayo hupungua. Wahudumu watajua unaingia saa ngapi na nani alikutembelea. Wageni wako watasajiliwa langoni. Watoto hawana pa kuchezea, na mtoto wa shule anahitaji meza, utulivu na ratiba ya mlo ambayo mkahawa hauifuati. Kwa familia yenye watoto, hoteli iwe suluhisho la majuma, si la miezi.

Kwa mzee anayeishi peke yake, faida zipo: mlinzi usiku kucha, mtu wa kugundua kama hakushuka kunywa chai asubuhi, na taa zinazowaka bila kununua tokeni. Lakini mhudumu wa hoteli si muuguzi. Siku mzee atakapohitaji kusaidiwa kuoga au kukumbushwa dawa, hoteli haitakuwa na jibu, na jamaa zake wanapaswa kulijua hilo mapema.

Kabla ya kutia sahihi

Anayekusudia kukaa zaidi ya mwezi mmoja afanye mambo machache. Alale hapo usiku mmoja wa katikati ya wiki na mmoja wa Jumamosi, apime kelele. Akague milango ya dharura na vizimamoto. Ajaribu maji ya moto na intaneti jioni, wakati wote wanapovitumia. Aulize kama kuna jenereta, na kama kuna maji mfereji unapokauka.

Alipe kila wiki na adai risiti kila mara, hata kama amepewa muda wa kulipa mwisho wa mwezi. Bili ndogo hukaguliwa kwa urahisi, nayo kubwa huficha makosa. Vitu vya thamani na vyeti asili viwekwe kwenye sefu au, bora zaidi, kwa mtu wa familia.

La mwisho, atenge kando fedha za amana na usafiri, wala asiziguse. Wengi hukaa hotelini kuliko walivyokusudia kwa sababu kila mwezi hotelini hula zile fedha ambazo zingewapeleka katika nyumba. Hoteli humfaa sana anayejua siku ya kuondoka na mwenye nauli ya kuondokea.